Mti Hula Nini?



 Juma hili tumeletewa swali na mama mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi. Yeye naye aliulizwa na mwanawe wa miaka tisa, walipokuwa wameketi chini ya mwembe ulioko uani kwao wakingojea adhana ya Magharibi. Mtoto aliuegemea mwembe, akautazama tangu shina hadi kileleni, akasema: "Mama, mimi hula wali nikakua. Huu mti hula nini?" Mama akajibu kama ambavyo wengi wetu tungejibu: "Hula mchanga, mwanangu." Mtoto akatazama chini, akauliza tena: "Sasa mbona hapana shimo?"

Mama anasema alikosa la kumjibu. Nasi tulipolisoma swali hilo tulicheka kwanza, kisha tukanyamaza, maana tuliona kwamba hata sisi hatukuwa na jibu la haraka. Tumelitafuta. Na katika kulitafuta tumebaini kuwa swali la mtoto huyu linagusa jiko la kila nyumba, bomba lake na kisima chake. Kwa hivyo juma hili tumeamua kulipa ukurasa wetu wote.

Mti, chungu na mizani

Mtoto huyu si wa kwanza kuuliza. Katika karne ya 17, tabibu mmoja wa Brussels aitwaye Jan Baptist van Helmont alitaka kulijua jambo lilo hilo. Alichukua chungu kikubwa, akatia ndani yake ratili 200 za udongo uliokaushwa tanurini, akapanda humo mche wa ratili 5, wa mti wa kwao uotao kandokando ya mito. Kwa miaka mitano hakuupa kitu ila maji. Muda ulipotimia aliung'oa akaupima, akakuta umefika ratili 169 na ushei. Kisha akaukausha udongo na kuupima tena. Ulikuwa umepungua wakia mbili tu.

Van Helmont aliona kwamba mti haukula udongo, basi akahukumu kuwa mti wote umetokana na maji. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1648, baada ya yeye kufariki. Alikuwa amepatia nusu. Nusu iliyompita ilikuwa imemzunguka pande zote wala hakuiona, nayo ni hewa.

Leo twajua kwamba karibu nusu ya uzito wa ubao mkavu ni kaboni, ambayo kwa Kiswahili huitwa pia ukaa, neno lililo ndugu wa makaa. Ukaa huo mti haukuuchota ardhini; uliutoa hewani. Udongo huupa mti maji na chumvi kidogo za kuujenga, mfano wa chumvi na bizari katika chungu cha mchuzi: bila ya hizo hakuna mchuzi, lakini si hizo zinazojaza chungu. Basi jibu la kwanza kwa mwanetu ni hili: hapana shimo kwa sababu mti hula hewa na maji kwa nguvu ya jua. Shina lile aliloliegemea lilikuwa hewa kabla ya kuwa shina.

Biashara ya jani

Kila jani lina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na katika miti mingi viko zaidi upande wa chini. Mchana, jua linapowaka, vitundu hivyo hufunguka na hewa ya ukaa ikaingia. Ndani ya jani, hewa hiyo huunganishwa na maji yaliyopanda kutoka mizizini, kwa nguvu ya mwanga, ikawa sukari. Oksijeni tunayoivuta sisi hutoka nje kama masazo ya kazi hiyo. Sukari ndiyo inayogeuzwa kuwa ubao, gome, mzizi, ua na embe.

Lakini biashara hii ina gharama. Mlango ukiwa wazi ili kuingiza ukaa, maji yaliyomo ndani ya jani hutoka kama mvuke. Kwa kila chembe moja ya ukaa inayoingia, hutoka mamia ya chembe za maji. Mti mkubwa wenye maji ya kutosha mizizini waweza kupandisha zaidi ya lita 100 kwa siku moja na kuzitoa angani, wala hatusikii sauti yoyote. Kiangazi kikizidi, mti hufunga vitundu vyake. Hapo huokoa maji, lakini hushinda na njaa, maana mlango wa maji na mlango wa chakula ni mmoja.

Mabibi zetu waliijua sehemu ya hesabu hii bila ya kuisoma popote. Mtungi wa udongo hutoka jasho, na jasho likipaa huondoka na joto, maji ya ndani yakawa baridi. Mwembe ni mtungi wa namna hiyo. Ndiyo maana kivuli cha mwembe si sawa na kivuli cha bati. Bati hulizuia jua tu, nalo lenyewe likawaka. Mwembe hulizuia jua na kisha huipoza hewa kwa jasho lake. Atakayetaka ushahidi na akae saa saba mchana chini ya kimoja, kisha ahamie chini ya kingine.

Tusidhani pia kuwa mti hupokea tu wala hautoi. Mti nao ni kiumbe hai; usiku na mchana hupumua, na katika kupumua hurudisha hewani karibu nusu ya ukaa uliouchuma. Nusu nyingine ndiyo faida yake. Kwa nusu hiyo hukua, huzaa, na hudondosha majani.

Pumzi hii, ikikusanywa kwa miti yote ya dunia, inapimika. Mwaka 1958 mwanasayansi wa Marekani, Charles David Keeling, alianza kuipima hewa juu ya mlima Mauna Loa huko Hawaii. Aliona kwamba hewa ya ukaa hushuka kila mwaka wakati misitu ya kaskazini mwa dunia inapochipua, na hupanda tena majani yake yanapopukutika, mfano wa kifua cha mtu aliyelala. Lakini aliona na jambo la pili: kila mwaka kiwango hakikurudi pale kilipokuwa. Alipoanza, katika kila sehemu milioni moja za hewa, sehemu kama 315 zilikuwa za ukaa. Leo zimepita 420. Hewa hii huzuia joto la ardhi lisitoke upesi, na kadiri inavyozidi ndivyo dunia inavyozidi kupata joto.

Hapa yatupasa tuseme kweli. Sehemu kubwa ya nyongeza hiyo imetoka katika makaa ya mawe, mafuta na gesi vilivyochomwa na mataifa tajiri kwa karne mbili, wala si katika majiko ya kina mama wa Likoni, Malindi au Faza. Hata hivyo, ukataji wa misitu nao umo katika hesabu. Na kwetu sisi misitu ikiondoka hatuzidishi joto tu. Twapoteza na maji, na hasara hiyo hutufikia mapema zaidi.

Hazina iliyo chini ya nyayo

Majani yakidondoka huenda wapi? Mchwa huyatafuna, kuvu huyashika, vijidudu huyavunja. Sehemu kubwa ya ukaa wake hurudi hewani, na sehemu nyingine hubaki ardhini, ikawa ile mboji nyeusi yenye kunukia tuijuayo sote. Mizizi nayo hufa na kuota, na kila unaokufa huacha kitu. Mwaka kwa mwaka, karne kwa karne, ardhi hujiwekea akiba. Wanasayansi wamepima wakakuta kwamba udongo wa dunia umehifadhi ukaa mwingi kuliko hewa yote na mimea yote kwa pamoja. Msitu tunaouona juu ya ardhi ni sehemu ndogo ya mali. Kubwa zaidi imezikwa.

Na hazina hiyo ya ukaa ndiyo pia hazina ya maji. Udongo wenye mboji, uliotobolewa na mizizi na mchwa, hupokea mvua kama sifongo. Udongo ulioachwa uchi hupigwa na matone ukashikana juu kama sakafu, na maji badala ya kuzama hukimbia, yakachukua udongo wenyewe na kuupeleka baharini. Mvua ni ile ile iliyonyesha mahali pawili. Pamoja kisima hujaa. Pa pili barabara hukatika.

Kuna na njia nyingine ambayo msitu huchunga maji. Mvuke unaotoka majanini hupanda, ukawa wingu, na wingu likasukumwa na upepo likanyesha mbele. Katika miaka ya 1970 mwanasayansi wa Brazil, Eneas Salati, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya mvua inyeshayo katika misitu ya Amazon ni maji yaliyokwisha kunyesha humo humo, yakapandishwa tena na miti. Sisi wa pwani mvua yetu huletwa zaidi na pepo za bahari, lakini kadiri mtu anavyoingia bara ndivyo mvua inavyozidi kutegemea kupokezana huko kwa msitu na wingu. Sisi tunaosoma katika Qur'ani Tukufu habari za pepo zinazoyasukuma mawingu na ardhi iliyokufa ikahuishwa kwa maji, tuna kila sababu ya kulitazama jambo hili kwa mazingatio.

Bomba la Mombasa huanzia msituni

Mtoto wa Mombasa akiulizwa maji hutoka wapi, atasema hutoka bombani, na yakikatika atasema hutoka kwenye mkokoteni wa mchota maji. Lakini tuyafuate nyuma. Sehemu ya maji ya mji huu hutoka chemchemi za Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, kwa bomba refu lililokamilishwa katika miaka ya 1950. Na maji ya Mzima hutoka wapi? Hutoka vilima vya Chyulu, makumi ya kilomita kutoka hapo. Vilima hivyo ni vya mawe ya volkano yenye matundu mengi, na kileleni pana msitu unaokumbatia ukungu. Mvua na ukungu huzama ndani ya mawe, husafiri chini kwa chini, kisha maji yakatokea Mzima yakiwa safi. Chemchemi ya Marere nayo, iliyowanywesha watu wa Mombasa tangu zama za wazee wetu, iko katika Milima ya Shimba kule Kwale, chini ya msitu unaopokea mawingu ya bahari.

Basi mkaa unaochomwa kwa siri kwenye miteremko hiyo hauhusu watu wa huko peke yao. Mama wa Mombasa anayeamka saa tisa za usiku kungojea bomba litoe maji, na mti uliokatwa Chyulu, wamo katika hesabu moja. Hatusemi kwamba kila ukavu wa bomba husababishwa na ukataji wa miti; bomba lina maradhi yake mengine, na wenye kuhusika wanayajua. Twasema kwamba bomba hata likitengenezwa vizuri kiasi gani, haliwezi kutoa maji ambayo ardhi haikuyahifadhi.

Mikoko na tope lake

Tugeukie sasa msitu ulio karibu nasi zaidi. Kenya ina takriban hekta 60,000 za mikoko, na zaidi ya nusu yake ziko Lamu. Wavuvi na wajenzi wetu waliipa kila aina jina lake: mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, muia, mlilana, mkomafi, msikundazi. Boriti zake zimebeba dari za nyumba zetu za mawe kwa karne nyingi, na majahazi yalizipeleka hadi Arabuni na Ghuba, kwenye nchi zisizokuwa na miti mirefu.

Ajabu ya mikoko haiko katika boriti, iko katika tope. Tope lile hufunikwa na maji ya bahari, na oksijeni haifiki chini. Majani na mizizi ikizikwa humo huoza polepole mno, au haiozi kabisa. Hivyo ukaa hulimbikizana chini ya mikoko kwa karne nyingi, na sehemu kubwa ya hazina ya msitu huo, wala si ndogo, imo topeni. Eka moja ya mikoko yaweza kuwa na ukaa mara kadhaa zaidi ya eka moja ya msitu wa nchi kavu.

Je, ikikatwa? Kule Gazi, Kwale, watafiti walitenga vipande vya mikoko, baadhi wakaikata au kuibandua maganda hadi ikafa, na baadhi wakaiacha hai. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Pale mikoko ilipokufa, ardhi yenyewe ilididimia kwa muda mfupi, kwa kuwa mizizi iliyoishikilia ilioza na ukaa wake ukatoka. Pale ilipoachwa hai, ardhi iliendelea kuinuka kidogo kidogo. Tulitafakari hili, ndugu zetu. Bahari inapanda kwa sababu dunia inapata joto, nasi kwa kukata mikoko twaishusha ardhi ili ikutane nayo.

Hapo hapo Gazi pana na habari njema. Tangu mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanautunza msitu wa hekta 117 chini ya mradi uitwao Mikoko Pamoja. Ukaa unaohifadhiwa kwa utunzaji huo, yapata tani 3,000 kwa mwaka, hupimwa na kuuzwa kwa hati kwa watu wa nje wanaotaka kufidia moshi wao. Fedha zimeingia katika maji ya kijiji na shule za watoto. Baadaye Vanga na vijiji jirani vikafuata mfano huo. Wako wanaouliza kama ni haki tajiri achafue kisha alipe fidia. Ni swali zuri, nasi hatulipuuzi. Lakini faida moja hakuna anayeweza kuikana: mikoko imesimama, na watoto wanakunywa maji.

Na msitu wa pwani hautengani na udongo wa bara. Katika mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, udongo mwingi ulisombwa kutoka mashamba ya juu ukamwagwa katika mkono wa bahari wa Mwache, nje kidogo ya Mombasa. Mikoko ikafukiwa mizizi yake ya kupumulia, ikafa imesimama. Hakuna aliyeipiga shoka. Iliuliwa na ardhi iliyoachwa uchi mbali na hapo.

Makaa ya jikoni

Tumefika jikoni, mahali ambapo wengi wetu tuna amri. Katika matanuri ya udongo yanayotumiwa vichakani, huhitajika kilo tano hadi kumi za kuni kupata kilo moja ya makaa. Zinazobaki hupotea kwa moshi. Kisha kilo hiyo moja ikiungua jikoni hutoa zaidi ya kilo mbili za hewa ya ukaa, kwa sababu kila chembe ya ukaa hushikana na oksijeni ikazidi uzito. Ule ukaa ambao mti uliukusanya jani kwa jani, twaurudisha hewani kwa kuchemsha maharagwe.

Hatuandiki haya kumlaumu mama anayenunua kopo la makaa kwa sababu ndilo analolimudu. Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi zaidi ya uwezo wake, na mtungi wa gesi una bei yake. Lakini yako yaliyo ndani ya uwezo wetu. Maharagwe, mbaazi na pojo zikirowekwa tangu usiku huiva kwa makaa machache. Sufuria yenye kifuniko huchemka upesi. Jiko lenye kigae cha udongo ndani hupunguza makaa kwa kiasi kikubwa kuliko jiko la bati tupu, na makaa yaliyobaki yakifunikwa kwa jivu au kuzimwa mapema hutumika kesho. Mwenye uwezo wa gesi na aitumie, na ahesabu kuwa ni shukrani, si fahari.

Kuna na jambo jingine, dogo kwa sura yake, ambalo tumelizoea hata hatulioni. Kila asubuhi twafagia uwanja, twakusanya majani ya mwembe na mkungu, kisha twayatia moto. Dini yetu ni dini ya usafi, na uwanja uliofagiwa ni pambo la nyumba. Lakini kuyachoma si usafi. Moshi wake huingia vifuani mwa watoto, na chakula cha ardhi huondoka nao. Majani yale yale yakifagiwa na kurundikwa shinani pa mti, mbali kidogo na gome, huzuia jua lisikaushe udongo, huoza yakawa mboji, na hupunguza maji ya kumwagilia. Uwanja ni safi, mti umeshiba, na jirani hakukohoa.

Maji ya kutilia udhu nayo yana nafasi yake. Twajua Mtume wetu (s.a.w.) alivyokataza israfu ya maji hata kwa mtu aliye mtoni. Basi tusizidishe, na yale yanayomwagika yaelekezwe kwenye mche badala ya kutuama na kuzaa mbu.

Kulinda kabla ya kupanda

Tumefika kwenye jambo ambalo hasa lilitusukuma kuandika. Siku hizi kupanda miti kumekuwa desturi. Shule hupanda, madrasa hupanda, kamati za misikiti hupanda, na sisi tumeshiriki mara nyingi. Ni jambo la kheri. Mtume (s.a.w.) ametubashiria kwamba Muislamu apandaye mti, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka, na ametufundisha kwamba hata Kiyama kikisimama na mtu ana mche mkononi, akiweza kuupanda basi na aupande.

Lakini na tukiri makosa yetu. Wakati wa vuli mmoja tulipanda miche arubaini pamoja na watoto, tukapiga picha, tukala tende, tukarudi majumbani. Hatukupanga nani atamwagilia. Kiangazi kilipokuja mbuzi walikula nusu, na jua likamaliza waliyobakisha mbuzi. Leo imesalia sita. Na katika mwaka huo huo, mkwaju mkongwe mtaani ulikatwa ili ipatikane nafasi ya kuegesha magari, wala hatukusema neno. Tulihesabu miche arubaini kuwa ni thawabu, na mkwaju mmoja hatukuuhesabu kabisa.

Baada ya kuyajua haya ya jani na udongo, twaona tulikosea hesabu. Mche huchuma ukaa kidogo kidogo, na huhitaji miaka mingi kufikia kazi ya mti mzima. Udongo wa msitu wa kale ukifunuliwa, hazina yake hutoka kwa miaka michache na hurudi kwa karne. Kwa hivyo anayekata mkubwa akapanda mdogo hajalipa deni. Ameandika hati ya deni kwa jina la wajukuu zake.

Dini yetu imetangulia kutufundisha kulinda. Haram ya Madina ilitengwa, miti yake isikatwe na wanyama wake wasiwindwe. Sayyidna Abubakar (r.a.) alipotuma jeshi aliliusia lisikate miti yenye matunda, na hiyo ni vitani, kwa adui. Itakuwaje basi sisi, katika amani, kwa majirani zetu?

Kwa hiyo rai yetu ni hii: tulinde kwanza, kisha tupande. Kila mtaa uitambue miti yake mikubwa, na kabla ya mmoja kuangushwa, majirani waulizane kama hapana budi. Tukipanda, tupande mahali panapofaa. Mikaratusi isiwekwe karibu na kisima, maana hunywa sana. Mikoko isipandwe kwenye nyasi za bahari ambako haikuota kamwe, ikafa na kuharibu malisho ya samaki. Wazee wa uvuvi waulizwe kwanza. Uani twatosheka na mwembe, mkwaju, mkilifi au mkungu. Na kila mche upewe mtoto mmoja kwa jina lake, naye aulee kama anavyohifadhi juzuu yake, kwa kurudia kila siku.

Jibu kwa mwanetu

Mama aliyetuandikia, tafadhali mwambie mwanao hivi: mwembe wenu hauli mchanga. Hula hewa tunayoitoa vifuani mwetu na jikoni mwetu, hunywa maji ya mvua, na hufanya kazi mchana kutwa kwa nguvu ya jua. Sehemu ya chumo lake hutupa sisi tukala, sehemu huizika ardhini, na maji hurudisha angani ili yanyeshe tena. Ndiyo maana hukuona shimo, mwanetu. Mti haukuila ardhi. Huijaza.

Twamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.t.) atujaalie tuwe waaminifu kwa amana aliyotukabidhi, atunyeshee mvua yenye manufaa isiyo na madhara, na azibariki ardhi zetu, visima vyetu na vizazi vyetu. Amin.